Nilivyopata ruzuku ya halmashauri bila jina langu kuwa kwenye daftari la kodi

Korona ilipofunga England Machi 2020, nilikuwa nashona kwenye chumba nilichopanga ndani ya jengo la karakana. Vyumba vingi, mwenye jengo mmoja, mita moja ya umeme. Riziki yangu ilikuwa nguo za harusi. Harusi ziliposimamishwa, simu zilizokuja ni za wateja wanaodai warudishiwe malipo ya awali. Pango halikusimama.

Serikali ilitangaza pauni 10,000 kwa biashara ndogo, zikitolewa na halmashauri. Wenye maduka walizipata bila usumbufu mkubwa: halmashauri ilifungua daftari la kodi ya majengo ya biashara, ikaona nani anapata nafuu ya kodi hiyo kwa biashara ndogo, ikamlipa. Jengo letu lilikuwa na jina moja tu humo, la mwenyewe. Sisi wapangaji kodi hiyo tuliilipa ikiwa ndani ya pango, kwa hiyo kwenye vitabu vyao hatukuwepo kabisa.

Mwanzoni mwa Mei likatangazwa fungu jingine, la hiari ya halmashauri, hadi pauni milioni 617 kwa England nzima. Humo tulitajwa wanaotumia jengo kwa pamoja, pia wachuuzi wa sokoni. Masharti ya kitaifa yalikuwa machache: uwe ulikuwa unafanya biashara tarehe 11 Machi 2020, wafanyakazi wasifike 50, uwe na gharama za jengo usizoweza kuzikwepa, na mapato yawe yameporomoka kwa sababu ya korona. Mengine kila halmashauri ilijipangia. Ndiyo maana niliacha kusikiliza ushauri wa marafiki wa miji mingine. Walikuwa wanasema kweli, ila ya kwao.

Kazi ilikuwa kuthibitisha kwamba nina chumba. Karatasi niliyosaini wakati naingia haikuwa mkataba wa pango wa kawaida, ilikuwa ruhusa ya kutumia chumba, na niliona wazi kwamba mtu wa ofisini angeweza kuikataa. Nikamwomba mwenye jengo barua fupi yenye mambo manne: namba ya chumba, tarehe niliyoingia, pango la mwezi, na sentensi inayosema kodi ya jengo na umeme vimo ndani ya pango hilo. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo niliyoisimamia hadi akaiandika nilivyotaka. Nikaambatanisha taarifa ya benki, kila malipo ya pango nimeyapigia mstari ili anayesoma asihangaike kuyatafuta.

Kisha hesabu ya hasara. Fomu iliuliza mapato yameshuka kiasi gani, basi. Haikusema ulinganishe na lini. Ningelinganisha Aprili na Februari, hasara ingeonekana ndogo, maana Februari haina harusi na mashine hukaa tu. Nikaweka Aprili na Mei za 2019 kando ya Aprili na Mei za 2020, nikaeleza kwa mistari miwili kwamba biashara yangu ni ya msimu. Malipo niliyorudisha nikayaweka mbali na mauzo, nisije nikaonekana nahesabu hasara moja mara mbili.

Kulikuwa na tamko la kusaini kwamba sijapokea misaada ya serikali inayozidi euro 200,000 ndani ya miaka mitatu. Nilicheka peke yangu, nikasaini.

Baadaye afisa alinipigia simu. Aliuliza swali moja tu: kama chumba nimefunga, kwa nini bado nadaiwa? Nikamwambia asome aya ya pili ya barua, yenye ile sentensi ya kodi na umeme kuwa ndani ya pango. Akanyamaza kidogo, akasema sawa.

Nilichopewa kilikuwa chini ya pauni 10,000, kama mfuko ulivyoruhusu, na kilitosha kulipa malimbikizo ya pango na kunivusha hadi kiangazi. Maduka yalifunguliwa Juni 15, harusi zikaruhusiwa Julai kwa watu wasiozidi 30, na bibi harusi wa watu 30 bado anataka gauni.

Sehemu ya fedha sikuigusa. Ruzuku hiyo ilihesabiwa kuwa mapato ya biashara, hivyo ilitozwa kodi, na jirani zangu kadhaa karakanani hawakulijua hilo mpaka nilipowaambia, nikiwapa na nakala ya ile barua wakabadilishe namba ya chumba.