Nilivyosahihisha mwongozo wa mtandao wa ofisi yetu

Katika ofisi ninayofanyia kazi hapa Dodoma kulikuwa na mwongozo wa kurasa 11 wa namna ya kuweka anwani za mtandao kwenye kompyuta za Linux. Ukurasa wake wa 4 ulikuwa umebandikwa kwenye mlango wa kabati la seva, karatasi imeshabadilika rangi kwa vumbi la kiangazi, na kila fundi mpya aliufuata neno kwa neno. Hata mimi niliufuata kwa miezi kadhaa.

Shaka ilianzia kwenye printa. Kompyuta za jengo la mbele zilipata intaneti vizuri, lakini hazikuweza kuifikia printa ya jengo la nyuma, yenye anwani 192.168.10.70. Tulibadilisha kebo, tukaizima printa na kuiwasha, tukamlaumu hata aliyetuuzia. Hatimaye niliandika amri ya ip route, inayoonyesha njia ambazo kompyuta hupitishia ujumbe, na kuyasoma majibu yake kwa utulivu, ndipo nikaona kwamba mwongozo uliagiza /24, yaani fungu moja la anwani 256, ilhali mtandao wetu ulikuwa umegawanywa kwa /26, yaani mafungu ya anwani 64. Kompyuta yenye 192.168.10.20 ikiwekewa /24 huamini kwamba .70 ni jirani yake wa ukuta mmoja, hivyo humwita moja kwa moja badala ya kumpa ruta, kifaa kinachounganisha mafungu, ujumbe aufikishe. Na kwa kuwa .70 iko katika fungu la pili, linaloanzia 64, hakuna anayeitika. Intaneti ilipatikana kwa sababu ruta, yenye .1, ilikuwa fungu moja na kompyuta hizo.

Sikuugusa mwongozo kabla ya kumwona aliyeuandika, mzee wetu wa kitengo cha TEHAMA.

“Shikamoo mzee. Nina swali kuhusu ule ukurasa wa mlangoni.”

“Marahaba mwanangu. Ile /24? Niliiandika tukiwa na jengo moja na swichi moja.”

Kumbe hakuwa amekosea. Mtandao ndio uliogawanywa baadaye, na hakuna aliyekumbuka karatasi. Aliniomba jambo moja tu: kila ninapobadilisha mstari, niandike tarehe na sababu.

Nilichukua kompyuta ya zamani isiyotumika, nikaiwekea Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, kisha nikajaribu kila amri kama ilivyoandikwa. Amri ya ifconfig, ya kuonyesha na kuweka anwani, haikuwepo kabisa, kwani matoleo mapya hayaji nayo, nikaweka ip addr mahali pake. Maelezo ya faili la mipangilio la /etc/network/interfaces nayo yalikuwa ya kabla Ubuntu haijahamia kwenye netplan, zana mpya ya kupanga mtandao, katika toleo la 17.10 la mwaka 2017. Kulikuwa na kiambatisho cha netplan kilichoongezwa baadaye, kikitumia neno gateway4 kutaja anwani ya ruta, ambalo bado linafanya kazi ila hutoa onyo. Nikaliondoa na kuandika njia ya “default” chini ya routes.

Kosa lililonichosha kuliko yote halikuwa la mtandao hata kidogo. Faili la netplan lilikataliwa mara tatu, nami nikaona maneno yote yako sawa. Nilipolikuza andiko kwenye kioo ndipo nilipogundua kwamba programu ya kuchapia ilikuwa imegeuza kistari cha mwanzo wa mstari kuwa kitone cha duara, na nafasi mbili kuwa tabo, ambayo netplan haiikubali. Tangu hapo mifano yote naihifadhi katika faili la maandishi matupu.

Kuhusu seva za mbali, mwongozo ulisema tumia netplan apply, amri inayotekeleza mabadiliko papo hapo. Niliwahi kuitii nikiwa Area D, nikakosea tarakimu moja ya anwani ya ruta, nikalazimika kupanda bodaboda hadi Nzuguni kwenda kuirekebisha seva kwa mkono. Sasa pameandikwa netplan try, ambayo hurudisha mpangilio wa awali baada ya sekunde 120 usipothibitisha.

Nilipomaliza, nilimpa mwongozo binti aliyekuja kwa mafunzo kwa vitendo, nikamwomba aufuate bila kuniuliza. Alikwama hatua ya pili.

“Kaka, hapa umeandika enp3s0, lakini yangu inasema eno1.”

Nilikuwa nimeandika jina la kadi ya mtandao ya kompyuta yangu kana kwamba kadi zote huitwa hivyo. Tukaongeza hatua ya ip link, amri inayoorodhesha majina ya kadi, mwanzoni, kwa tarehe ya siku hiyo, na mzee mwenyewe akaenda kuibandua ile karatasi ya mlangoni.