Wanane kwa wanane: vishale vya kulipwa vikitazamwa kutoka Kirumba

Katika mashindano mengi makubwa ya vishale, mchezaji wa mkoani au wa nchi isiyojulikana hupita mlolongo mrefu wa mechi za kufuzu, na mara nyingi hutolewa kabla hajasimama mbele ya hao ambao amekuwa akiwatazama kwenye simu. Mfululizo wa World Series of Darts, ambao PDC, kampuni inayoendesha mashindano ya vishale vya kulipwa, iliuanza mwaka 2013 kwa shindano la Dubai, umepangwa kinyume cha hapo. Nyota wanane husafiri hadi kwenye jiji lililoteuliwa, wachezaji wanane waliofuzu kutoka ukanda huo huitwa, na katika raundi ya kwanza kila nyota hupangiwa mmoja wao. Mwaka 2022 mfululizo huo ulifika hata Madison Square Garden jijini New York.

Jamaa zangu wa Kirumba, hapa Mwanza, ninaotazama nao mechi hizi huziona kama sherehe ya kuwafurahisha wenyeji kabla ya kupigwa. Mimi naona kwamba huu ndio mpangilio wenye haki kuliko mingine yote, na sababu yangu iko kwenye hesabu ya mchezo wenyewe.

Kila legi huanza na alama 501 zinazopunguzwa hadi sifuri, na kishale cha mwisho lazima kiingie kwenye dabo, yaani ule ukanda mwembamba wa pembezoni mwa ubao, au kwenye kitovu cha ubao, ambacho nacho huhesabiwa dabo. Mechi ya raundi ya kwanza humalizika pale mmoja anapofikisha legi sita. Urefu huo unatosha kumzuia mtu kushinda kwa bahati ya dakika tano, lakini si mkubwa kiasi cha kumpa nyota muda wa kuamka taratibu na kumsaga mpinzani wake usiku kucha. Aliyefuzu akipata legi mbili za mwanzo, nyota tayari ana kazi.

Wengi wetu hupiga kelele mchezaji anapopata 180, yaani vishale vitatu vyote vya zamu moja kwenye 20 ya mara tatu, na kweli ni jambo la kupendeza. Hata hivyo, waliofuzu kutoka mikoani nao hupata 180, na wakati mwingine huzipata nyingi kuliko nyota. Tofauti huonekana chini ya alama 200. Chukua mchezaji aliyebakiwa na 189 akiwa na kishale kimoja mkononi. Asiye na uzoefu hukitupa kwenye 20 kama alivyozoea, kikiingia kwenye 20 ya kawaida anabaki na 169, na 169 haimaliziki kwa vishale vitatu hata ungekuwa bingwa wa dunia. Nyota huhama, akalenga 19, kwa sababu hata akipata 19 ya kawaida atabaki na 170, ambayo humalizika kwa 20 ya mara tatu mara mbili na kitovu cha ubao. Mtazamaji asiyejua hesabu hudhani kwamba mkono umeteleza.

Vivyo hivyo kwa 32, namba ambayo wachezaji wakubwa huitafuta kwa makusudi. Ukilenga dabo ya 16 ukaangukia ndani, kwenye 16 ya kawaida, umebaki na 16, na kishale kinachofuata kinalenga dabo ya 8. Ukikosea tena namna hiyohiyo unakwenda dabo ya 4, kisha ya 2, kisha ya 1. Lakini aliyejiachia 38 akalenga dabo ya 19 na kuangukia ndani anabaki na 19, namba witiri, na itambidi atumie kishale kizima kuitengeneza kabla ya kulenga dabo tena. Kwenye mechi ya legi sita, kishale hicho kimoja ndicho kinachompa mpinzani zamu ya ziada.

Ubao tunaochezea pale Kirumba unaeleza tatizo letu bila mtu kufungua mdomo. Umetundikwa barazani, na kwa sababu ya upepo wa ziwa hatuanzi kucheza hadi jioni itulie. Sehemu ya 20 imechakaa hadi katani imechomoza manyoya, ilhali dabo ya 11 bado ina kijani chake cha dukani. Mwenye baa huuzungusha ubao ili uchakae sawasawa, na baada ya wiki chache 20 mpya nayo huwa imekwisha. Tunafanya mazoezi ya kupata alama nyingi, wala hatufanyi mazoezi ya kumaliza. Hili haliwezi kusingiziwa vifaa, kwa kuwa mbao za Winmau zinazotumiwa kwenye mashindano ya PDC hutengenezwa hapo Kenya, kwa nyuzi za katani, na umbali wa mita 2.37 kutoka mstarini hadi ubaoni ni uleule London na Mwanza.

Wanaodhani kwamba waliofuzu ni wasindikizaji tu wamkumbuke Damon Heta wa Australia. Mwaka 2019 aliingia kwenye shindano la Brisbane la mfululizo huu kama mwenyeji aliyefuzu, akafika fainali na kumfunga Rob Cross legi 8 kwa 7. Cross mwenyewe, aliyekuwa bingwa wa dunia wa 2018, alikuwa fundi umeme kabla ya vishale kumpa ajira. Heta baadaye alipata kadi ya kucheza mashindano ya kulipwa, na mwaka 2022 yeye na Simon Whitlock waliipa Australia Kombe la Dunia.

Karibu na kwetu zaidi yuko David Munyua, daktari wa mifugo, Mkenya wa kwanza kucheza ubingwa wa dunia wa PDC. Pale Alexandra Palace, London, mwezi Desemba 2025, alipangiwa Mike De Decker wa Ubelgiji, bingwa wa World Grand Prix wa 2024. Akafungwa seti (yaani mafungu ya legi) mbili za kwanza, kisha akashinda tatu mfululizo. Baadhi yetu tulishangilia kama Simba na Yanga zimeungana. Nilichokipenda zaidi ni kwamba mbele ya umati ule, baada ya seti mbili kupotea, aliendelea kutupa kwa mwendo uleule.

Sasa tujitazame. Nimeona bonanza za mkoa ambamo vigogo wa mjini husubiri robo fainali, huku wachezaji wa Sengerema, Magu, Misungwi na Ukerewe wakimalizana wenyewe, kwa mechi za legi mbili kati ya tatu eti muda hautoshi. Mtu anatoka Ukerewe kwa meli, anacheza mechi inayoamuliwa na vishale vichache, anarudi nyumbani bila kumwona kigogo hata mmoja mstarini. Kisha tunashangaa kwamba kila mwaka majina ni yaleyale.

Ningependekeza wanane kwa wanane. Wilaya zifuzishe watu wao mapema, kila mmoja apangiwe kigogo siku ya kwanza, na mechi iende hadi legi nne kama sita ni nyingi mno kwa jioni moja. Vigogo watalalamika, na nadhani hiyo ni dalili nzuri. Na ule utaratibu wa zamani wa aliyefungwa kuandika alama za mechi inayofuata kwa chaki urudishwe, badala ya kuiachia simu kazi ya kupunguza alama, ili mgeni kutoka Magu asimame hatua moja kutoka ubaoni na aone kwa macho yake kigogo anaacha namba gani, na kwa nini.