Barua ya uhamisho na neno "asubiri"

Juzi mwalimu mgeni hapa shuleni kaniomba nimwelekeze kujaza maombi ya uhamisho kwenye ESS, ule mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, anabonyeza simu tu pale stafu, kwenye sababu kaandika kufuata mwenza. Nikajikuta nimenyamaza, roho ilisharudi Ruvuma.

Enzi zetu ilikuwa makaratasi. Baba Neema yuko Mwanza, mimi niko kusini na kichanga, na kutoka Songea mpaka Mwanza kwa basi mnajua wenyewe. Kwamba ukiomba kuhama mwenyewe unajilipia nauli na mizigo, hilo nilikubali toka mwanzo. Kilichonikwamisha ni mbadala, kwamba utafute mwenzio wa masomo yako mbadilishane vituo ndo uachiwe. Sasa mwalimu wa Fizikia na Hesabu utampata wapi! Nikampata bwana, kwenye magrupu ya WhatsApp, yuko kanda ya ziwa huko, mama yake mgonjwa yuko Mbinga. Hatujawahi kuonana ila tulikuwa tunapigiana simu kama ndugu. Tukaandika barua, tukaambatanisha cheti cha ndoa, barua ya kuthibitishwa kazini, salari slipu, mkuu wa shule akapitisha, zikapanda juu. Kimya. Ukipiga simu unaambiwa jalada liko kwa bosi.

Nikaomba ruhusa nikaenda mwenyewe halmashauri, Neema mgongoni. Masijala pale kuna mama mmoja mtu mzima, nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, kaa kwanza mtoto anyonye. Akaingia ndani, akarudi na jalada langu, akalifungua juu ya kaunta halafu akaligeuza upande wangu, bila kusema kitu. Juu ya barua yangu kuna maandishi ya peni nyekundu: Asubiri, tuna upungufu wa walimu wa sayansi. Basi. Nikafunua karatasi ya chini, barua ya mwenzangu hii hapa, imebanwa na pini, Fizikia na Hisabati zimeandikwa kwenye kichwa cha habari kabisa kwa herufi kubwa. Anatoka mmoja anaingia mmoja, upungufu unaongezekaje? Nikamuuliza yule mama. Akalifunga jalada taratibu akasema, "Mwanangu, una mtu huko juu?" Nikasema sina. Akaniambia niombe tena mwakani.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba muhula uleule mwalimu wa Hesabu wa shule ya jirani alishahamia Dar, amenikuta kazini, na mbadala wake hatukumwona. Simlaumu, kila mtu ana shida zake. Lakini utaratibu ni ule ule, kwangu ukawa ukuta na kwake mlango uko wazi. Na sisi wa sayansi tunavyosifiwa kwamba tunahitajika, kuhitajika kwenyewe ndo kunatufunga.

Niliomba tena, na tena. Neema ameanza chekechea ndo barua ikaja, ghafla, katikati ya mwaka, kibali cha mimi peke yangu. Mbadala hakuna. Nikaripoti Mwanza nikiwa nimewaacha fomu foo bila mwalimu wa Fizikia na mtihani wa taifa ni Novemba. Wale watoto walinisindikiza mpaka stendi na mabegi yangu vichwani, mmoja akaniuliza madam sasa nani atatumalizia topiki ya mawimbi, sikuwa na jibu. Kama ilikuwa ni kuwalinda wao, mbona hawakulindwa siku ile? Na kama haikuwa kuwalinda wao, mimi na mume wangu tulitenganishwa kwa ajili ya nini? Nimeshawauliza maafisa wawili watatu kwa nyakati tofauti, kila mmoja ananiambia hayo yalifanyika kabla yake.

Yule mwenzangu bado yuko kanda ya ziwa. Mama yake bado yuko Mbinga, sasa hivi anatunzwa na mjukuu wa darasa la sita, na yeye kila dirisha la uhamisho likifunguliwa anaomba.