Jiwe la Naivasha na jiwe la Voi

Huku kwetu Malindi, ukitaja jiwe mtu anawaza tumbawe. Nyumba kongwe ni za matumbawe, hata Nguzo ya Vasco da Gama ni matumbawe. Kwa hiyo mpwa wangu aliponiwekea mezani mawe mawili ya rangi ya giza, moja la Naivasha na jingine la Voi, nilikaa nayo siku mbili kabla ya kumjibu.

"Mjomba, mwalimu anataka tuseme lipi ni mwamba geu, na tumejuaje."

La Naivasha nililijua kwa mng'aro: obsidiani, kioo cha volkeno. Nililifunga guniani, nikavaa miwani, nikaligonga kwa nyundo. Lilipasuka kwa mapindo ya mviringo, wimbi juu ya wimbi, kama upande wa ndani wa ganda la chaza. Niliokota kipande bila glavu, kikanichana kidole nisihisi chochote mpaka nilipoona damu. Ndiyo maana wazee wa zama za mawe huko Bonde la Ufa walilitengenezea visu. Kipande hicho ukikielekeza juani, ukingo wake mwembamba unapitisha mwanga wa rangi ya moshi, na ndani huoni chembe yoyote. Lava yake ina silika, dutu ya kutengenezea kioo, zaidi ya asilimia 70, ni nzito kama uji uliogandamana, na ilipoa upesi hata madini yasipate nafasi ya kujipanga kuwa fuwele.

La Voi halikufanana nalo hata kidogo nilipoliosha. Mistari myeupe ya madini ya kwatzi na feldispa, mistari myeusi, na kati yake vigamba vya ulanga vinavyometameta, vyote vimelala upande mmoja. Hiyo ni naisi, mwamba geu. Mwamba wa zamani uliozama chini sana, ukaokwa na kukandamizwa bila kuyeyuka wote, fuwele zikaota upya kwa kufuata mkandamizo. Miamba ya ukanda ule iligeuzwa hivyo miaka kama milioni 600 iliyopita. Mistari hiyo ndiyo jibu la mwalimu.

Nilitaka pia namba ya msongamano, yaani uzito wa jiwe ni mara ngapi ya uzito wa maji ya ujazo uleule. Nilipima kila jiwe kwa mizani ya jikoni, kisha nikaweka kikombe cha maji juu ya mizani, nikairudisha kwenye sufuri na kulining'iniza jiwe kwa uzi ndani ya maji lisiguse chini. Obsidiani: gramu 188 kavu, mizani ikasoma 79, ambayo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Gawanya, unapata 2.4 hivi. Naisi: 243 kwa 90, yaani 2.7. Kukwaruza chupa kulinisaidia kwa naisi tu, maana kwatzi yake iliacha alama wazi. Obsidiani ina ugumu unaokaribiana na wa chupa, jibu lake lina utata.

Alasiri tulishuka ufukoni, maji yametoka. Mpwa wangu akachota mchanga mbichi, na alipoumwaga viganja vyake vilibaki vinang'aa.

"Mjomba, huu si ulanga?"

Ni ulanga. Mto Galana unapita juu ya naisi kule maporomoko ya Lugard, Tsavo, unasaga na kubeba, mpaka huku tunakouita Sabaki unapomwaga baharini. Miaka yote nimetembea juu ya mchanga huu nikiuita wa dhahabu.

Alijaza kichupa kimoja, akakiweka mezani karibu na jiwe la Voi.