Tafadhali, msimsugue mdudu wa zamani

Jumamosi nilimfungua mdudu wangu wa tano. Wapiga Morse wa Marekani ndivyo walivyokiita kibonyezo hiki cha kupigia Morse, zile herufi za nukta na mistari za simu ya zamani: mdudu, na kampuni ya Vibroplex waliokitengeneza wakachora kabisa mdudu mwekundu kwenye kibati cha jina. Huyu nilimpata Xenia, Ohio, mwezi Mei, kwenye soko la vitu vilivyotumika la Hamvention, mkutano wa wapenzi wa redio, chini ya meza, ndani ya boksi la nyaya.

Kibonyezo cha kawaida unakipiga juu-chini, nukta moja moja, na waliopiga kutwa nzima mikono iliwakakamaa. Dawa yake Horace G. Martin wa New York aliipatia hataza mwaka 1904: wenzo unaokwenda kushoto na kulia. Ukiusukuma kwa dole gumba, fimbo yenye springi inatikisika na kutoa nukta mfululizo, yenyewe. Ukiusukuma upande wa pili kwa kidole cha shahada unapata mistari, lakini hiyo ni mmoja mmoja, kwa mkono wako. Spidi ya nukta unaipanga kwa kusogeza kipande cha uzito kwenye fimbo.

Mimi napenda hiyo mistari. Babu alipokea Morse stesheni ya reli Tabora. Yeye hakuwahi kumshika mdudu, alikuwa na kibonyezo cha kawaida, lakini aliniambia: "Mjukuu wangu, yule wa Kigoma nilimjua kabla hajajitaja. Mistari yake mirefu, kama mtu anayeburuta miguu." Nukta za mdudu zinatoka kwenye springi. Mistari ni mwandiko wa mtu.

Ndiyo maana mdudu wangu wa kwanza bado ananiuma. Nilimsugua kwa brashi ya waya, nikampaka rangi nyeusi mpya. Nakshi za dhahabu kwenye kitako zikapotea, na kishikio kilicholika kwa miaka ya kidole cha mtu nikakitupa, nikaweka kipya. Nilimfuta mtu yule.

Huyu wa tano kishikio chake kimelika upande wa dole gumba, kibonde kidogo, laini, na dole langu linaingia humo vizuri kabisa. Sikukigusa. Nilichofanya ni kupitisha ukanda wa karatasi ngumu yenye spiriti pale vyuma viwili vinapogusana. Ukatoka mweusi. Nikarudia mpaka ukatoka mweupe. Msasa hapana, jamani, hata ule laini.

(Natafuta pia J-36, aina ya mdudu ya jeshi la Marekani, ile iliyotengenezwa na Lionel, hao hao wa treni za watoto, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwenye nayo aniambie.)

Usiku nikamuunganisha na spika ndogo, nikapiga TABORA. Herufi B ikatoka na nukta nne badala ya tatu, maana yake nimepiga namba 6. Nikausogeza uzito mbali kidogo, nukta zikatulia. Nikapiga tena, na nilipofika kwenye O, mistari mitatu yote ya mkono, nikaivuta mirefu kama yule wa Kigoma.