Vile nimekuwa nikipata kazi za chuo hapa Njoro bila kujuana na mtu

Wacha niandike hii kitu sai nikiwa na nafasi, manake kwa hizi wiki mbili mafresha, yaani wanafunzi wapya, kama watano wameniuliza swali moja, ati sista wewe hupata hizi kazi aje. Na ukiangalia uso unaona mtu ameshaamua lazima kuna jamaa yangu ako kwa ofisi. Hakuna. Mimi ni msichana wa Mau Narok, mamangu ni mkulima wa viazi, na siku niliripoti hapa Njoro sikuwa najua mtu hata mmoja kutoka geti mpaka hosteli.

Kwa wenye hawajui huku, Njoro ni juu, baridi ya asubuhi inashika masikio, na wengi wetu tunaishi nje pale Njokerio kwa sababu vitanda vya ndani havitoshi. Pesa ya kuishi nje inatoka pole pole na haionekani ikitoka, leo ni gesi, kesho bando, kesho kutwa kopi za noti, halafu HELB, ule mkopo wa serikali wa wanafunzi, ikichelewa unaanza kuhesabu unga. Kwa hivyo kazi ndogo za hapa hapa chuoni kwangu hazikuwa mambo ya kujifurahisha, ndio zilikuwa zinaamua kama nitakaa kwa mtihani nikiwa nimemaliza karo ama nitakuwa kwa laini ya ofisi ya fedha nikiomba nipewe wiki moja zaidi.

Mwaka wa kwanza nilikosa. Kuna zile kazi za chuo ambazo mwanafunzi anafanya masaa machache kwa wiki halafu malipo yanaingia kwa akaunti yake ya karo, na tangazo lake lilikuwa limebandikwa kwa bodi nje ya ofisi ya wanafunzi. Mimi nililiona Jumanne, na siku ya mwisho ilikuwa Jumatatu, jana yake. Lilikuwa limefunikwa na bango la mechi, nikainua lile bango hivi kwa kidole ndio nikaona mstari wa chini, nikasoma tena mara mbili tatu kama mtu anayetarajia tarehe ibadilike. Lakini kitu iliniuma zaidi si hiyo siku moja. Ni vile nilisoma orodha ya karatasi wanazotaka, barua ya chifu, taarifa ya karo, kopi ya kitambulisho, barua ya maombi, nikaona hata ningefika wiki moja mapema bado singeweza, kwa sababu chifu wetu ako Mau Narok na mimi niko Njoro na nauli ya kwenda na kurudi sina. Tangazo linakaa ukutani siku nne ama tano. Hizo siku hazitoshi kutafuta karatasi, zinatosha tu kupeleka karatasi uko nazo tayari.

Hapo ndio nilianza kufikiria mambo tofauti. Likizo ya Desemba nilienda nyumbani na kazi moja, kutengeneza faili. Barua ya chifu nikapata. PIN ya KRA, ile namba ya ushuru, kujisajili ni bure kwa iTax, wa saiba anakulipisha tu kazi yake ya kubonyeza, na HELB yenyewe inaitaka kwa hivyo hakuna haja ya kuiahirisha. Ile ngumu ilikuwa cheti cha polisi cha tabia njema. Unalipa shilingi 1,050 kwa eCitizen, unaprinti fomu ya C24, halafu unaenda kuchukuliwa alama za vidole, na wanachukua vyote kumi, mmoja mmoja, yule afisa anakushika kidole anakibiringisha kutoka upande mmoja wa ukucha mpaka mwingine, na ukijaribu kumsaidia unaharibu, unatakiwa kulegeza mkono kabisa. Wino hautoki siku hiyo. Mamangu aliniuliza, mwanangu, hii karatasi ya polisi ni ya nini na wewe hujakosea mtu? Nikamweleza, akanyamaza, kesho yake akauza viazi akanipa hizo pesa zote bila kuniuliza tena. Hiyo ndio sababu hilo faili mimi silichezi.

Nikaskani kila kitu nikajitumia kwa barua pepe yangu mwenyewe, kila karatasi ikiwa na jina langu na mwaka, ndio hata simu ikiibiwa naingia kwa saiba yoyote naprinti.

Kitu ya pili ni kuzunguka bodi. Jumatatu na Alhamisi, kabla ya darasa la kwanza, napita ofisi ya wanafunzi, mlango wa maktaba, mesi, halafu idara yangu na idara mbili za jirani. Hizi za idara ndio watu hudharau na hapo ndio kuna vitu vizuri, mhadhiri ako na mradi anataka mtu wa kuingiza data, ama kuna kampuni inataka wanafunzi wa atachmenti, yaani mafunzo ya kazini, anabandika karatasi moja tu pale karibu na ofisi yake na haifiki kwa WhatsApp kabisa. Ikifika WhatsApp imefika kwa watu elfu moja. Mimi napiga picha, na nikirudi naandika kwa daftari, kazi gani, mwisho lini, wanataka nini, na ofisi gani naweza kwenda kuuliza kwa mdomo. Kuuliza kwa mdomo kunasaidia sana, unagonga, unasalimia, madam shikamoo, nimeona tangazo, naomba kujua kama mwaka wa pili anakubaliwa, na huyo madam siku ya kusoma barua anakumbuka uso.

Halafu nikagundua kitu nyingine kwa hilo daftari, na hii ndio naona mafresha hawajaambiwa. Kila tukio la chuo liko na kazi nyuma yake, na kazi inatangazwa kabla ya tukio, kwa hivyo ukijua tarehe za matukio unaweza kujua kazi itatoka karibu lini. Mafresha wanaripoti, lazima kuna watu wa kuwaongoza kujisajili na kuwaonyesha hosteli. Kuna mahafali, lazima kuna watu wa kugawa joho na kuzirudisha zikihesabiwa na wa kuonyesha wazazi viti. Atachmenti wengi tunaenda Mei mpaka Agosti, kwa hivyo barua zinatakiwa kutoka Januari, ukianza Aprili unakuta nafasi zimeisha. Na nje ya chuo kuna maonyesho ya kilimo Nakuru mjini na kuna Safari Rally ya Naivasha, zile mbio za magari. Mimi nilichora kalenda ya mwaka mzima kwa kurasa mbili za katikati ya daftari na kila tukio nikarudi nyuma wiki nne nikaandika ANZA KUANGALIA BODI.

Hiyo rally ndio ilinichoma lakini. Ilikuwa imerudi kwa mashindano ya dunia mwaka wa 2021 baada ya miaka 19, na ile miaka mitatu ya kwanza ilikuwa Juni, kwa hivyo mimi kwa kalenda yangu nilikuwa nimeandika Juni. 2024 wakaileta Pasaka, kuanzia Machi 28. Mimi sikuwa nimesikia, na meseji ikaingia kwa grupu ati wanatafuta vijana wa kuelekeza watazamaji, tuma shilingi mia tano ya beji nafasi zimebaki chache, na kwa vile nilishtuka kwamba tarehe imenipita nikatuma bila kuuliza mtu. Dakika kumi hivi nikipiga hiyo namba imezimwa. Nikatuma ile meseji ya M-Pesa kwa 456 nikiomba irudishwe lakini zilikuwa zimeshatolewa. Mia tano kwangu wakati huo ilikuwa chakula ya karibu wiki. Tangu siku hiyo kazi yoyote ikiniomba pesa kwanza, iwe ni ya beji, ya fomu ama ya tisheti, nafunga hapo hapo, na nikiona imetumwa kwa grupu naandika wazi kwamba ni wezi hata kama mtu atakasirika.

Sasa ya maktaba. Mwaka wa pili nilikuwa nimeshajua hizo kazi za chuo hutoka wiki ya ngapi ya semesta, na nilikuwa nataka maktaba kwa sababu ni jioni na ni karibu na vitabu vyangu. Karibu wiki nzima kabla ya tangazo nilikuwa naenda pale si kusoma vitabu, kusoma migongo ya vitabu. Ukiangalia mgongo kuna namba, na hizo namba ziko na lugha yake. Herufi za kwanza ni somo, S ni kilimo, SB ni mimea, SF ni mifugo, QA ni hesabu. Halafu inafuata namba nzima, halafu nukta, halafu herufi na namba nyingine, na hapo kwa nukta ndio watu wengi hukosea. K35 inakaa kabla ya K4. Mtu anasema 35 si ni kubwa kuliko 4, lakini hapo inasomwa kama desimali, ni sifuri nukta tatu tano na sifuri nukta nne. Nilisimama mbele ya rafu ya mahindi, SB191, mpaka ikaingia kwa kichwa.

Siku ya mahojiano madam wa maktaba hakuniuliza mambo mengi, alinisukumia toroli ya vitabu kama kumi akasema panga. Nikapanga. Akapita na kidole, akasimama pale K35 na K4 zilikuwa, akaniangalia, akasema, nani alikufunza hii? Nikamwambia madam, nimekuwa nikija kuangalia tu rafu zenu. Akachukua faili yangu akafungua, akaona barua ya chifu, taarifa ya karo, kila kitu kiko kwa mpangilio ule ule wa tangazo, akasema utaanza Jumatatu. Nilitoka hapo nikapigia mamangu simu nikiwa bado kwa ngazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha mikono, vitabu vya kilimo ni vizito na watu wakimaliza wanaviacha kwa meza vimefunguka, unakusanya, unapanga kwa toroli, unarudisha, na rafu za SF zinavurugwa kila siku kwa sababu nusu ya watu hapa wanasoma mambo ya ng'ombe. Lakini mwisho wa semesta nilifungua akaunti yangu ya karo nikaona imepungua bila mtu wa nyumbani kutuma kitu.

Mwaka wa tatu ndio nilipata ile napenda zaidi. Kulikuwa na siku ya wakulima huku Njoro, na hizo siku wanafunzi wengi tunajua, unaenda, unapewa soda na mkate, unaondoka saa saba. Mimi nilibaki. Nilikuwa nataka kusikia habari ya ngano, halafu walipomaliza nikasaidia kukunja tenti na kubeba viti kwa sababu walikuwa wachache na mvua ilikuwa inakuja. Mmoja wa watafiti akaniuliza nasoma nini, nikamwambia, akasema wiki ijayo wanahitaji watu wawili wa kuandika data shambani. Tulikuwa watatu tumesimama pale. Akasema mwenye ako na PIN, kitambulisho na akaunti ya benki anitumie leo. Wale wengine wakasema wataenda kutafuta. Mimi nilitoa simu nikatuma tukiwa bado tumeshikilia viti.

Sikuwa najua kabla ya hapo kwamba kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, hapa Njoro hupandwa ngano kutoka nchi nyingi sana za dunia ili ijaribiwe kama itashindwa na kutu ya shina, ugonjwa wa ukungu. Kuna aina moja ya hiyo kutu iligunduliwa Uganda 1998, wanaiita Ug99, na ilitisha kwa sababu ngano nyingi zilizokuwa zimekaa miaka bila kuugua zilianguka mbele yake. Sisi huku Njoro kutu inapata ngano misimu miwili kwa mwaka, kwa hivyo ni mahali pazuri pa kujaribu. Kazi yangu ilikuwa kutembea nyuma ya mtafiti na ubao wa kuandikia, yeye anainama anashika shina, anasema sitini S, mimi naandika namba ya mstari na 60S, yaani kutu imefika asilimia sitini na mmea umeshindwa, anasonga, tano R, naandika, huo unavumilia. Saa nne asubuhi suruali yako kuanzia goti kwenda chini ni rangi ya matofali, hiyo ni kutu yenyewe, ni unga mwembamba unashika kila mahali, na tuliambiwa tusiingie kwa ngano ya mtu yeyote na hizo nguo mpaka zifuliwe. Mimi nimelelewa na viazi na sikuwahi kufikiria ngano, na sai ndio nataka kufanya maisha yangu yote, kukaa kwa shamba na kujua ni mstari gani utasimama.

Cheti changu cha polisi kilikuwa kimepita mwaka kwa hivyo juzi Jumatano nilirudi Nakuru mjini nikaweka vidole tena, 1,050 nikalipa mwenyewe. Jana asubuhi nilipita bodi za idara vidole vikiwa bado vyeusi. Kuna karatasi mpya ya mtu wa kusaidia kwa maabara ya mbegu, mwaka wa kwanza anakubaliwa, mwisho Ijumaa ijayo saa kumi jioni, na ilikuwa imeanza kufunikwa na tangazo la hosteli. Nimetoa pini nikaisogeza ikae peke yake, nikapiga picha, nikatumia wale mafresha watano. Wawili wamejibu kwamba barua ya chifu wako nayo.