Mwani kwenye tangi la lita 100: samaki aliyefaa

Tangi la samaki liko sebuleni Sinza, Dar es Salaam, vioo vina mwani wa kijani, majani ya mimea yana vumbi la kahawia. Kabla ya kununua samaki, tambua mwani wenyewe. Maji yakiwa ya kijani kama ya kuchemshia mchicha, hakuna samaki wa kuyasafisha, punguza mwanga. Utando wa bluu-kijani unaobanduka kwa vipande ni bakteria, nao karibu hauliwi.

Mwani wa kwenye kioo niliukabidhi kwa Ancistrus mmoja, samaki mdogo wa jamii ya pleko anayekwangua mwani; dume ana vinyama kama ndevu puani. Hufika sentimita 12 hivi. Pleko wa kawaida, ndugu yake mkubwa, mwache hukohuko dukani: anauzwa akiwa na sentimita 5, hupita 30, na kinyesi chake kinarutubisha mwani uleule. Gyrinocheilus, samaki mwingine mla mwani, naye akikua huacha mwani, akanyonya ute ubavuni mwa wenzake.

Vumbi la kahawia, ambalo nalo ni mwani, ni kazi ya Otocinclus, samaki wadogo wala mwani, sita kwa pamoja, ila tangi liwe na miezi kadhaa. Kwenye tangi jipya hufa njaa.

Muda wa kuwasha taa nikaupunguza kutoka saa 12 kwa siku hadi saa 7, robo ya maji ikabadilishwa kila wiki. Usiku wawekee samaki kipande cha tango wale, asubuhi kitoe kabla hakijaoza. Kwa joto la Dar maji hushika oksijeni kidogo, kwa hiyo pampu ya hewa isizimwe. Umeme ukikatika, tumia ya betri.